Barua ya Cawrala

Nilimjua muuza duka wa Tokyo kabla sijamjua Cawrala. Muuza duka huyo yumo katika riwaya ya Sayaka Murata iliyopata Tuzo ya Akutagawa mwaka 2016. Ginny Tapley Takemori akaitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka 2018, na nakala moja iliyochakaa ikanifikia Garissa mkononi mwa binamu yangu. Niliimaliza kwa siku mbili. Halafu swali likanikaa kichwani: kama duka la Tokyo limefika hapa kwetu, hadithi za Wasomali wenyewe zimekwama wapi?

Kumbe zipo. Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972. Miaka miwili tu baadaye, huko Mogadishu, Faarax M. J. Cawl akachapisha *Aqoondarro waa u nacab jacayl*, inayohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza kutoka kama kitabu kwa lugha hiyo. Jina lake ni kama kusema kutojua ni adui wa mapenzi. Cawrala anampenda Calimaax, mpiganaji wa Dervishi, anamwandikia barua. Calimaax ni shujaa lakini hajui kusoma. Inabidi barua ya mapenzi yake asomewe na mtu mwingine, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Mwaka 1982 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza jijini London, chini ya Zed Press. Mfasiri alikuwa B. W. Andrzejewski, mzaliwa wa Poland aliyefundisha Kisomali chuo cha SOAS. Mimi nilisoma hiyo ya Kiingereza kwanza. Yaani mtoto wa Garissa, aliyeimbiwa kwa Kisomali tangu mgongoni mwa mama, nilisomewa hadithi ya kwetu na Mpolandi kupitia London. Calimaax ni mimi.

Namshukuru mzee yule, bila yeye nisingeijua kabisa. Lakini tazama njia yenyewe. Kutoka Garissa hadi mpakani Liboi ni safari ya siku moja kwa gari. Hadithi ilizunguka Ulaya ndipo ikanifikia.

Si kwamba vitabu havikuja. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianzisha hapa Garissa maktaba ya ngamia: ngamia mmoja anabeba masanduku yenye vitabu kama 400, mwingine anabeba hema, watoto wanasomea kivulini. Vile nilivyovishika mimi vilikuwa vya Kiingereza na Kiswahili. Kisha mwaka 2007 Masha Hamilton, Mmarekani, akatoa riwaya ya Kiingereza iliyozaliwa na maktaba hiyo, na wasomaji wa mbali wakatujua kwa ngamia wetu. Tukawa wasomaji wa hadithi za watu, tena tukawa hadithi ya watu. Kuandika na kufasiri wenyewe ndiko kulikobaki.

Basi nikaamua kumtia Cawrala kwenye Kiswahili. Nilipata fotokopi ya Kisomali Eastleigh, nikaanza kuisoma polepole kama mtoto wa darasa la pili, maana shuleni hakuna aliyenifundisha kuandika lugha ya mama yangu.

Kigingi cha kwanza ni mashairi, na riwaya hii imejaa mashairi. Sisi wa Kiswahili tumezoea vina vya kati na vya mwisho, na mizani. Ushairi wa Kisomali hufungwa mwanzoni mwa neno: sauti moja inashika shairi zima, na kila mstari lazima uwe na neno linaloanza na sauti hiyo. Ukiweka vina umemvika Cawrala buibui la Lamu. Ukifuata sauti, msomaji wa Mombasa atauliza, shairi liko wapi hapa? Nimefuta ukurasa huo mara kumi na moja.

Kigingi cha pili ni Kiswahili chenyewe. Ayeeyo, nyanya yangu, alikijua katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa kaskazini mwishoni mwa 1963 na sheria zake zikadumu hadi 1991. Kiswahili chake chote kinatosha kwenye kiganja: simama, kaa chini, kitambulisho, twende. Ndugu msomaji wa pwani, lugha uliyobembelezewa wewe, yeye alifokewa kwayo. Nani kamwambia inaweza kubeba barua ya mapenzi?

Jioni moja nilimsomea barua ya Cawrala, kwanza kwa Kisomali. Ayeeyo hajui kusoma, lakini alinirekebisha matamshi mara tatu. Kisha nikamsomea kwa Kiswahili changu. Alinyamaza, akanyoosha shuka magotini.

"Askari hawakuwahi kusema hivyo," akasema.

"Umeelewa, Ayeeyo?"

"Maneno, hapana. Lakini soma tena, polepole."

Nikasoma tena. Kufikia mstari wa nne akanikata: hapo Cawrala anaomba, na wewe unamfanya aamrishe. Alikuwa amesikia sauti yangu tu, na alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika "njoo" mahali pa "uje".

Nimebadilisha. Nimefika ukurasa wa thelathini na mbili. Shairi la kwanza bado limenishinda.