Saraka ya Gari na Asili ya Gololi Zake
Kabla fundi wa leo hajaivuta kwa mkono mmoja saraka iliyosheheni misumari na mabomba nyuma ya gari lake la kazi, gololi za chuma zinazoitelezesha zilikwenda safari ndefu. Kwani mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, katika nchi ya Wales, alipata hataza ya kuzitia katika ekseli za magari ya farasi, na sasa zimerudi garini kuhudumia shehena.

Makasha ya wazee wetu wa pwani nayo yalikuwa na saraka, lakini ubao ulisuguana na ubao, na wakati wa masika ukavimba na kugoma kutoka. Leo reli ya gololi inayobeba saraka, ile ya kazi nzito, hustahimili kilo 200 na zaidi, ikatoka urefu wake wote, fundi asilazimike kutambaa ndani ya gari. Komeo tu lisisahauliwe, maana mlimani saraka isiyofungwa hufyatuka na mzigo wote.