Taa Iliyosingizia Stima

Muulize mtu yeyote aliyekulia Nairobi miaka ya 1990 namna ya kuamsha kaseti ya gemu iliyogoma, naye atakunja midomo kabla hujamaliza swali. Unaichomoa, unaipuliza fuuu, unairudisha. Hakuna aliyetufundisha. Na huko ng'ambo, watoto wa Chicago na Toronto walikuwa wanapuliza vilevile, wala wao hawakufundishwa. Ukituweka pamoja leo tutacheka kama ndugu. Lakini ugonjwa wao haukuwa ugonjwa wetu, na hiyo dawa ya kupuliza haikutibu wao wala wetu.

Wao shida yao ilikuwa hivi. Mashine ya Nintendo, lile boksi la kijivu lililouzwa Marekani kuanzia 1985, ina taa ndogo nyekundu mbele. Unabonyeza swichi, taa inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama mara moja kwa sekunde, na TV nayo inapepesa rangi tupu kwa mpigo huohuo. Ungefikiri nini? Stima, bila shaka. Adapta imechoka, waya umekatika ndani, mahali fulani moto unaingia na kutoka. Unaweza kununua adapta mpya, ukabadilisha hata kapasita, na taa ikaendelea kukukonyeza, kwa sababu stima ilifika salama tangu mwanzo. Kuna kitu ndani ya boksi kinachoizima mashine na kuiwasha tena makusudi. Ili kukielewa inabidi turudi nyuma kidogo.

Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo ilitoa Japani mashine iliyoitwa Famicom, kazi ya wahandisi walioongozwa na Masayuki Uemura. Ilikuwa ndogo, nyeupe na nyekundu, na kaseti iliingia kwa juu, wima, ikashikwa na pini 60. Haikuwa na kufuli lolote. Mwaka huohuo soko la gemu Marekani lilikuwa linaporomoka. Kila mwenye kiwanda alikuwa ametengeneza kaseti za mashine ya Atari, nyingine mbovu za kutia aibu, na maduka yakajaa bidhaa zisizotakikana. Septemba 1983 Atari ilizika kaseti kwa malori kwenye jaa la taka la Alamogordo, New Mexico. Wengi waliona ni hadithi za vijiweni, mpaka jaa likafukuliwa mwaka 2014 na kaseti zikatoka humo na mavumbi yake.

Nintendo ilitaka kuingia katika soko hilohilo lililotoka matanga, na ikafanya maamuzi mawili.

La kwanza lilikuwa la sura. Wenye maduka hawakutaka kusikia habari za gemu za TV, kwa hivyo mashine ikavalishwa nguo za deki ya video. Ina mlango kwa mbele. Unafungua, unasukuma kaseti ndani ikiwa imelala, halafu unaibonyeza chini ikae. Ili mwendo huo uwezekane, pini 72 za konekta zilitengenezwa kama springi nyembamba zinazoinama kila kaseti inaposhuka. Springi ikiinama mara elfu, inachoka. Inashika leo, kesho inagusa tu kwa juujuu.

La pili lilikuwa kufuli. Katsuya Nakagawa ndiye aliyeandikishiwa hataza yake Marekani. Ndani ya mashine kuna chipu ndogo ya biti 4, na ndani ya kila kaseti halali kuna pacha wake. Stima ikiingia, hao wawili wanaanza kuzungumza, kila mmoja akijua mwenzake anafaa kusema nini na lini. Yule wa kwenye mashine ni kufuli, yule wa kwenye kaseti ni ufunguo. Wakitofautiana hata kwa neno moja, kufuli linaishika prosesa na kuirudisha mwanzo, halafu linajaribu tena, halafu tena, karibu kila sekunde. Taa nyekundu nayo inafuata mkondo huo. Kwa hiyo ule mpigo tuliodhani ni stima kukatika ulikuwa mlinzi akisema: simkubali huyu.

Sababu iliyotolewa ni kuzuia gemu mbovu zisirudi. Sawa, hofu ya Alamogordo ilikuwa ya kweli. Lakini tazama kilichofuata. Aliyetaka kutoa gemu Marekani alilazimika kupata leseni, kaseti zake zikatengenezwa na Nintendo yenyewe, na kwa kawaida hakuruhusiwa kutoa zaidi ya gemu tano kwa mwaka. Kaseti ya Marekani nayo haikukubaliwa na mashine ya Ulaya, kwa kuwa ufunguo ulikuwa mwingine. Kufuli la ubora, kumbe pia ni la biashara.

Sasa unganisha hayo mawili. Kati ya zile pini 72 zinazochoka, nne ndizo zinazobeba mazungumzo ya kufuli na ufunguo. Moja ikiwa na uchafu au springi yake imelegea, mlinzi hasikii vizuri na anaamua kaseti ni ya wizi. Mtoto amenunuliwa gemu dukani, risiti ipo, na bado anazuiwa mlangoni kwake na askari wa nyumba yake mwenyewe. Wakati huohuo waliolengwa hasa na kufuli walikuwa wanatafuta njia ya kupita. Wako waliotengeneza kaseti zinazoipiga chipu hiyo kwa volti zisizo za kawaida ili izubae. Kampuni ya Atari Games, kupitia jina lake la Tengen, ilienda mbali zaidi: ilipata nakala ya programu ya kufuli kutoka ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwa kudai inaihitaji kwa sababu ya kesi, na wakati huo kesi yenyewe haikuwepo. Ikatoa ufunguo wake mwaka 1988, wakaburutana kortini, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikuwa upande wa Nintendo.

Fundi anayeijua historia hii hakimbilii adapta. Anafungua boksi na kushika mita. Adapta ya Marekani inatoa volti 9 za mkondo geuzi. Ndani kuna diodi nne zinazounyoosha, kapasita kubwa ya kuutuliza, na regyuleta ya 7805 inayoshusha hadi volti 5. Weka ncha ya mita kwenye mguu wa kutokea wa hiyo regyuleta, kisha utazame taa. Taa ikikonyeza huku mita imesimama kwenye 5, stima haina hatia. Mita ikiyumba pamoja na taa, basi hapo ndipo unatafuta kapasita iliyokauka, au lehemu iliyopasuka. Hata bila mita, sikiliza mpigo. Mlinzi anahesabu kama saa ya ukutani. Hitilafu ya stima haina nidhamu hiyo. Inakuja ukitingisha waya, au mashine ikishapata joto, halafu inapotea ukimwita mtu aje aione.

Wenye kuchoka na mlinzi walijifunza kumnyamazisha. Unakata mguu nambari 4 wa chipu ya kufuli, unauunganisha na graundi, na taa haikonyezi tena. Lakini pini chafu zinabaki chafu, na utapata gemu iliyochanganyikiwa au rangi tupu isiyopepesa. Afadhali kusafisha. Na kupuliza? Kulionekana kufanya kazi kwa sababu ya kuchomoa na kurudisha, maana pini zilipata nafasi nyingine ya kugusa vizuri. Pumzi yenyewe ilileta unyevu, na unyevu unakula chuma.

Mwaka 1993 Nintendo ilitoa Marekani mashine mpya ya aina hiyo, ndogo, kaseti inaingia kwa juu kama ile ya Japani. Kufuli liliondolewa. Taa nayo iliondolewa, haipo kabisa.

Huku kwetu hayo yote yalipita mbali. Mashine tuliyokuwa nayo nyumbani, kama nyingi za mtaani, ilikuwa nakala ya Famicom isiyo na ruhusa ya mtu, kaseti zake ndogo za rangirangi, na ukiifungua unakuta kibao kidogo chenye tone jeusi la gundi ngumu pale ambapo pangekuwa na chipu kadhaa. Hakuna kufuli, hakuna ufunguo. Kwa hivyo mashine ya kwetu ikizima na kuwaka, ilikuwa stima kweli. Ya Marekani ilijifanya ina shida ya stima. Ya kwetu ilikuwa nayo, na sisi tukailaumu kaseti.

Ilikuwa inajizima hasa jioni. Uko karibu kumaliza hatua, kaka yangu kashika pumzi, halafu chwi, tumerudi mwanzo. Tulipuliza kaseti mpaka kichwa kikatuzunguka. Tukagundua ukiupinda waya wa adapta na kuukandamiza na kiatu cha shule, inatulia kidogo, na bado hatukuelewa tulichokuwa tumeambiwa. Mwishowe mama akachoka na kelele zetu, akatutuma kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza redio kwenye kibanda karibu na stendi.

Mzee hakuitazama kaseti hata kidogo. Alichomeka adapta, akaweka mita, akashika tundu la waya nyuma ya mashine na kulitingisha kwa kidole kimoja. Sindano ya mita ikaanguka, ikapanda, ikaanguka.

"Vijana, mnapuliza bure," akasema. "Ugonjwa uko huku nyuma, nyinyi mnatibu mdomo."

Akaifungua, akatuonyesha duara jembamba la ufa kuzunguka mguu wa tundu, pale lehemu ilipoachia kwa kuvutwavutwa. Akaigusa na pasi yake ya kulehemu, moshi ukapanda, na kazi ikaisha kabla chai yake haijapoa. Kisha akatuonya tusikubali kuazima adapta ya mtu bila yeye kuiona, kwa sababu plagi kuingia haimaanishi stima ni ile ile. Miaka mingi baadaye ndipo nilijua alikuwa sahihi kuliko alivyodhani: ile adapta ya Marekani ya mkondo geuzi inaingia vizuri kabisa kwenye tundu la Famicom, na inaweza kuiua.

Alitutoza shilingi 50. Tukakimbia nyumbani, tukaunganisha kila kitu, taa ikasimama imara. Kaka yangu akachukua kaseti, akaitazama, akaipuliza, ndipo akaiweka.