Majina yaliyochelewa kufika kwenye ramani ya Mara

Disemba, shule zikifungwa, Nyumba Salama ya Mugumu wilayani Serengeti hujiandaa kupokea mabinti. Ni msimu wa ukeketaji, na huwa mkali zaidi miaka inayogawanyika kwa mbili. Mtu akipiga simu kwamba binti amekimbia kwao, huelekeza kama wanavyoelekezana kijijini: vuka kijito, pita mashine ya kusaga, uliza kwa mzee fulani. Mwenyeji hahitaji zaidi. Lakini askari wa dawati la jinsia aliyetoka mjini usiku, njia ikiwa tope, atauliza kijito kipi. Miaka kumi na kitu iliyopita ramani ya simu isingemsaidia; vijiji vingi vya Serengeti na Tarime havikuwamo kabisa.

Si kwamba huku hakukuwahi kuchorwa. Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, alikatiza Serengeti mwaka 1892 akichora njia yake kuelekea Ziwa Victoria. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitumia picha za ndege kuchora Tanganyika. Jina lililoingia kwenye karatasi lilitegemea mgeni alimuuliza nani na akasikia nini. Kikuria, kinachozungumzwa huku, kina irabu saba, alfabeti tunayotumia ina tano. Hata jina la kabila lenyewe wengine huandika Kuria, wengine Kurya.

Majina mengine yalibaki kwa wazee. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu Serengeti, anaonyesha jinsi Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme wanavyosimulia historia ya koo kwa kutaja vilima, chemchemi na mahame. Baadhi ya mahame hayo leo yamo ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951, na wajukuu hawaruhusiwi kwenda kuyaona bila kibali. Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kaya zikahama, majina ya miji ya zamani yakabaki porini. Binafsi, nikilazimika kuchagua, namwamini mzee kuliko karatasi.

Mwaka 2015 Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea, wengine hawajawahi kukanyaga Afrika, huketi mbele ya kompyuta na kufuatisha nyumba na njia kutoka picha za satelaiti, kisha huziingiza OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza 2004. Wanaweza kuona bati linalong'aa, wasijue ni la shule, zahanati au kwa nani. Hapo ndipo wenyeji wanapoingia: kwa kushirikiana na Hope for Girls and Women, shirika la Rhobi Samwelly linaloendesha nyumba hiyo ya Mugumu, wanavijiji hutembea na simu wakiandika majina.

Kazi hiyo ina mabishano yake. Kijito kimoja huweza kuwa na jina hili juu na jina lingine chini, kila ukoo ukishikilia lake. OpenStreetMap ina nafasi ya jina la pili, basi yote mawili huandikwa. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti, ilizipa barabara majina na nyumba namba. Vijito vimebaki mikononi mwa wenyeji wenye simu.