Kababu za Kithai: Upishi ambao tui zito hutangulia

MPISHI wa Pwani anapofunzwa mchuzi wa nazi, onyo la kwanza analopewa ni kwamba tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na sharti likorogwe bila kukoma lisije likakatika. Mpishi wa Thailand hufunzwa kinyume chake. Kwake, tui zito ndilo linaloanza kuingia sufuriani, tena hulipika makusudi mpaka likatike na mafuta yake yaelee juu, ndipo atie viungo.

Tofauti hiyo moja ndiyo inayoamua iwapo kababu za Kithai zitafaulu au zitaharibika. Wengi wanaozijaribu nyumbani hufuata mpangilio waliouzoea, yaani kukaanga kitunguu, kutia nyanya na bizari, kisha kumalizia kwa tui. Wanachopata ni mchuzi wa kawaida wa nazi uliozidi pilipili, ilhali wamekwisha kutumia nyama, nazi na viungo vya bei ghali.

Makala haya yanaeleza hatua za upishi huo pamoja na sababu za kila hatua, kwani anayejua sababu ataweza kubadilisha kiungo asichokipata bila kuharibu chakula.

Asili ya chakula chenyewe

Nchini Thailand, taifa lililoacha jina la Siam mnamo 1939, michuzi ya viungo vilivyopondwa huitwa kaeng. Ipo ya kijani, myekundu na ya manjano. Ule unaotumika hapa ni phanaeng, mchuzi mzito wenye karanga, utamu kiasi na ukali usiochoma sana. Kwa desturi hupikwa kwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba.

Kababu za mviringo nazo huitwa luk chin. Huuzwa mitaani zikiwa zimechomekwa kwenye vijiti, hutiwa katika supu ya tambi, na zile za samaki hupikwa katika mchuzi wa kijani. Kuunganisha kababu za nyama na phanaeng ni njia rahisi kwa mpishi wa nyumbani, maana nyama ya kusaga huiva upesi kuliko vipande.

Si viungo vyote vya mchuzi huu vilivyotokea Asia. Pilipili na karanga zote mbili asili yake ni bara la Amerika. Wareno, waliofika Mombasa na Malindi wakiwa na Vasco da Gama mwaka 1498, walifika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wa enzi hizo, mwaka 1511. Kabla ya pilipili ya Amerika kuenea, ukali wa vyakula vya huko ulitokana na pilipili manga, ambayo hadi leo Wathai huiita kwa jina lenye maana ya 'pilipili ya Kithai'.

Mahitaji (watu watano)

Kababu:
- Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo, yenye mafuta kidogo
- Chumvi, kijiko kimoja cha chai
- Pilipili manga ya unga, nusu kijiko cha chai
- Kitunguu saumu, punje 3 zilizopondwa
- Wanga wa mahindi, kijiko kikubwa 1
- Maji baridi sana, vijiko vikubwa 3

Viungo vya kuponda:
- Pilipili kavu nyekundu, kubwa, 8
- Mbegu za giligilani, kijiko kimoja cha chai
- Bizari nyembamba, nusu kijiko cha chai
- Mchaichai, mashina 2, sehemu nyeupe ya chini pekee
- Galangali, kipande cha sentimita 3
- Mizizi ya dhania, 4, iliyooshwa vyema
- Vitunguu vidogo vyekundu, 4
- Kitunguu saumu, punje 6
- Ganda la ndimu moja lililoparuzwa, sehemu ya kijani tu
- Uduvi wa kusaga wa Kithai (kapi), kijiko kimoja cha chai
- Karanga zilizokaangwa, vijiko vikubwa 4

Mchuzi:
- Tui zito, mililita 250
- Tui jepesi, mililita 300
- Maji ya samaki (nam pla), vijiko vikubwa 2
- Sukari guru, kijiko kikubwa 1 na nusu
- Majani ya ndimu ya makrut, 4
- Majani ya rehani na ndimu ya kukamulia

Baadhi ya majina haya yanahitaji ufafanuzi. Galangali ni mzizi wa jamii ya tangawizi, mgumu zaidi na wenye harufu inayokaribia msonobari. Nam pla ni maji ya chumvi yanayotokana na samaki wadogo waliochachushwa kwa muda mrefu, nayo huchukua nafasi ya chumvi. Ndimu ya makrut ni ndimu yenye ganda la mikunjo, na majani yake ndiyo yenye harufu inayotafutwa.

Viungo hivi hupatikana katika maduka yanayouza vyakula vya Asia. Asiyepata galangali atumie tangawizi, ila aipunguze kwa nusu. Asiyepata majani ya makrut azidishe ganda la ndimu. Mchaichai, ambao wengi wetu huutia katika chai, usikosekane.

Kuponda viungo

Pasua pilipili kavu, utoe mbegu, kisha uziloweke katika maji ya moto kwa dakika 20. Kaanga giligilani na bizari nyembamba pasipo mafuta mpaka zinukie, halafu uzisage.

Tumia kinu kidogo na mchi. Anza na vilivyo vigumu: pilipili zilizokamuliwa maji, chumvi kidogo ya kusaidia kusaga, mchaichai uliokatwakatwa, galangali, ganda la ndimu na mizizi ya dhania. Vikilainika, tia saumu na vitunguu, kisha unga wa giligilani na bizari, na mwisho kapi na karanga. Ukianza na vitunguu, maji yake yatafanya vile vigumu viteleze chini ya mchi bila kusagika.

Mashine ya kusagia yaweza kutumika. Ikigoma kuzunguka, iongezee kijiko kimoja au viwili vya tui jepesi badala ya maji.

Kutengeneza kababu

Kababu za kwetu aghalabu hutiwa mkate uliolowekwa au yai ili zishikane. Luk chin hazitiwi mkate. Hushikana kwa sababu ya chumvi na kukandwa. Chumvi huyeyusha protini za nyama, na kukanda huzifanya zinate na kufungamana. Ndiyo maana kababu hizo huwa na mnepo zinapotafunwa.

Changanya nyama na chumvi kwanza, kisha pilipili manga, saumu, wanga na maji baridi. Kanda kuelekea upande mmoja kwa dakika tano au zaidi, mpaka nyama igande mkononi na kuacha kuchambuka. Iweke kwenye jokofu kwa nusu saa. Nyama isiachwe ipate joto inapokandwa, kwani mafuta yake yatayeyuka na kababu zitakuwa kavu.

Lowesha viganja kwa maji, ufinyange kababu za upana wa sentimita 3. Chemsha maji, upunguze moto mpaka yatulie, kisha uzitose humo kwa dakika sita hivi. Maji yakitokota kwa nguvu zitapasuka. Zitoe uweke kando. Zitamalizika kuiva ndani ya mchuzi.

Kukata tui

Hapa ndipo penye kiini cha upishi wote. Kuna nazi mbili kwa mtindo wetu wa siku zote: zikune, utie maji ya uvuguvugu kidogo, ukamue tui zito, rudia kwa maji mengi zaidi upate tui jepesi. Yasichanganywe.

Mimina tui zito kwenye karai au sufuria pana na uweke moto wa wastani. Koroga mara kwa mara lisiungue. Litachemka, litapungua maji, kisha sauti yake itabadilika kutoka kutokota hadi kukaangika. Baada ya dakika nane hadi kumi utaona matone ya mafuta yanayong'aa yakijitenga na masimbi meupe. Hapo tui limekatika, na hapo ndipo pa kutia viungo vilivyopondwa.

Vikaange katika mafuta hayo kwa dakika tano, huku ukigeuza kwa mwiko, mpaka harufu mbichi ya vitunguu iishe na mafuta yageuke mekundu. Harufu na rangi nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Ukivitia viungo katika tui ambalo halijakatika, vitachemka badala ya kukaangika, na mchuzi utabaki na ladha mbichi hata ukipikwa saa nzima.

Wanaotumia tui la kopo au la pakiti wasome maandishi ya nje. Aina nyingi hutiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, na tui la namna hiyo hukataa kukatika. Dawa yake ni kuongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia na kukaanga viungo humo kwanza, kisha kutia tui kidogo kidogo.

Viungo vikiwa tayari, mimina tui jepesi, tia sukari guru, nam pla na majani ya makrut yaliyochanwa. Mchuzi ukichemka, tosa kababu na uache moto mdogo kwa dakika kumi. Phanaeng huwa nzito inayogandamana na nyama, si ya kuogelea. Mafuta mekundu yanayoelea juu ni dalili ya kufaulu, wala yasienguliwe.

Kuonja na kupakua

Epua, kisha uonje. Ladha ya chumvi itangulie, utamu uifuate, na ukali uje nyuma. Chumvi ikipungua ongeza nam pla kijiko cha chai kwa wakati. Mchuzi ukikinaisha kwa mafuta, kamulia matone ya ndimu baada ya kuepua. Nyunyiza rehani na upakue kwa wali mweupe usiotiwa nazi. Mchele wa pishori wa Mwea, wenye harufu yake, wafaa sana.

Tahadhari

Nyama ya kusaga haifanani na kipande kizima. Vijidudu hukaa juu ya kipande, lakini nyama ikisagwa husambaa hadi ndani. Kwa hivyo kababu sharti iive mpaka katikati, kiwango kinachopendekezwa kikiwa nyuzijoto 71 za Selsiasi. Kuelea majini si ushahidi kwamba imeiva. Asiye na kipimajoto akate kubwa kuliko zote. Ikiwa na wekundu ndani, zote zirudi motoni. Heri pia kuchagua kipande cha nyama buchani na kukisagisha mbele ya macho yako siku hiyo hiyo.

Karanga zenye ukungu, zilizonyauka au kubadilika rangi zitupwe. Huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi yote. Aidha, wapo watu ambao karanga, uduvi au samaki huwadhuru hata kwa kiasi kidogo, na wengine huweza kufa. Mgeni aulizwe kabla ya kupakuliwa, kwa kuwa vyote vitatu vimefichika ndani ya mchuzi na havionekani kwa macho.

Tui huchacha upesi. Kilichobaki kiwekwe kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita, na kinapopashwa moto kichemke kabisa. Viungo vilivyopondwa, kwa upande wao, huweza kugandishwa kwa wiki kadhaa katika friza. Mwenye kuponda mara mbili ya kiasi atakuwa amejirahisishia kazi siku nyingine, na kilichobaki kitakuwa ni kukanda nyama na kukata tui.