Kualika kwa ekzosi

Gari lililotoka Dar es Salaam likapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege bila kuzimwa, likiegeshwa Bagamoyo huanza kulia uvunguni: ta, ta, ta-ta, kimya kidogo, kisha ta. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni, hakuna kinachozunguka. Abiria asiyezoea huuliza kama kuna kitu kinavunjika. Dereva humjibu kwamba gari linapoa. Jibu hilo ni sahihi, ila halielezi kwa nini kupoa kulete kelele. Chai nayo hupoa, na hailii.

Mlio huo una jina lake. Kiswahili kina kitenzi kualika, maana yake kutoa mlio mfupi na mkavu, kama wa vidole vinapovutwa. Ndiyo maana husemwa mtu anaalisha vidole. Siku hizi kualika tunakokusikia kila mara ni kule kwa harusi, na hiki cha mlio kimebaki kwa wazee na katika kamusi. Nashikilia kwamba ndicho kinachofaa kuingia katika istilahi za ufundi. Injini hugonga, breki hukwaruza, nyasi zinazoungua hutatarika kwa milio mingi isiyohesabika. Ekzosi inayopoa hutoa mlio mmoja mmoja, kila mmoja na nafasi yake. Hiyo ni mialiko.

Kinachoisababisha, vitabu vya sayansi vya shule hukiita kusinyaa, kinyume cha kutanuka. Nalikubali neno hilo kwa kuwa wanafunzi wamelizoea, lakini lina upungufu: jani likisinyaa huwa limekufa, na chuma hakikupoteza kitu. Mafundi cherehani wana neno zuri zaidi. Kitambaa kikifuliwa kikapungua kipimo, wao husema kimerudi. Chuma nacho kikipoa hurudi, na hurudi kwenye urefu wake uleule wa kabla ya safari.

Kiasi chenyewe si kidogo. Mita moja ya chuma cha kawaida ikipanda joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi huongezeka urefu kwa milimita 1.2 hivi. Bomba la ekzosi la gari dogo, kutoka injini hadi nyuma, lina mita tatu hivi. Likiwa limepata moto kwa wastani wa nyuzi 250 juu ya hewa ya nje, limerefuka kwa karibu milimita tisa. Ndiyo sababu haliungwi kwa bolti kwenye bodi. Huning'inizwa kwa raba, lipate nafasi ya kwenda na kurudi. Lingefungwa likakazwa, lingepasuka kwenye maungio.

Lakini kurudi peke yake hakulii. Chuma kingekuwa kipande kimoja kinachopoa kwa kasi moja kila mahali, kingerudi kimya. Ekzosi haiko hivyo. Manifodi iliyo jirani na injini ni nene na hushika moto muda mrefu. Bati jembamba la kukinga joto, lililofungwa juu ya bomba, hupoa upesi. Masega, kama mafundi wetu wanavyokiita kichujio cha moshi, kwa kawaida ni kauri iliyo ndani ya kopo la chuma, na kauri hiyo hutanuka kidogo sana kuliko kopo, hata watengenezaji huizungushia mkeka wa nyuzi katikati ili visiumizane. Basi kila penye kiungo, upande mmoja unataka kurudi na mwingine haujawa tayari. Msuguano unazishika pande zote mbili. Nguvu inajikusanya, inajikusanya, hadi inashinda msuguano: kiungo kinateleza ghafla, pengine chini ya unene wa unywele, bati linatikisika, sikio linapata mwaliko. Kisha kinashika tena.

Wahandisi wana jina la mwendo huo, nalo limeunganisha vitenzi viwili. Kwa Kiswahili napendekeza kushika na kuachia, bila kulibana liwe neno moja gumu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza analiona tendo lenyewe, na fundi wa gereji analielewa bila kufafanuliwa.

Nafasi kati ya mwaliko na mwaliko nayo ina sababu. Isaac Newton aliandika mwaka 1701 kwamba kitu cha moto hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti iliyopo kati yake na hewa inayokizunguka. Mwanzo tofauti ni kubwa, milio inafuatana. Baadaye tofauti inapungua, milio inaachana.

Bagamoyo mtu hahitaji gari ili kulisikia jambo hili. Bati la mita tatu lililopigwa na jua hadi nyuzi 60 hurudi kwa milimita moja na ushei jua likizama, huku misumari ikilishikilia kwenye mbao. Nyumba za mabati huanza kualika magharibi. Za makuti, hata zikiwa ukuta kwa ukuta nazo, hazitoi sauti hiyo.

Umuhimu wa kulitaja jambo kwa jina lake unaonekana gereji. Gasketi ya manifodi ikivuja, nayo hulia kwa milio mifupi mikavu, na wenye magari wengi huichanganya na mialiko ya ekzosi inayopoa. Sheria ya chuma ni ileile, ila mambo yamegeuka: mlio wa gasketi husikika asubuhi injini ikiwa baridi, hufuata mzunguko wa injini ukikanyaga mafuta, na mara nyingi hupungua au hunyamaza injini ikipata moto, kwa sababu chuma kimetanuka kikaziba upenyo. Swali la kwanza la fundi liwe hili: inalia ikiwa imewashwa, au ikishazimwa? Inayoalika baada ya kuzimwa haihitaji spana. Ile nyingine itengenezwe mapema, kwa kuwa moshi unaopenya hapo una kaboni monoksidi, na unaweza kuingia ndani walimoketi abiria.