Tendegu, kukereza na kuchonga

Siku hizi tunasema "mguu wa kitanda", na tunaelewana. Lakini Kiswahili kina neno lake mahususi: tendegu, wingi matendegu. Vitanda vya kale vya Lamu na Unguja vina matendegu ya kukerezwa, yaani mti huzungushwa kwenye keezo huku patasi ikiula.

Tendegu la kupinda, lenye goti juu na kifundo chini, halikerezwi, huchongwa. Mtindo huo ulipendwa sana Uingereza mwanzoni mwa karne ya 18. Fundi hulaza kigezo kwenye nyuso mbili zinazopakana za mti wa mraba, akachora. Hukata upande mmoja kwa msumeno mwembamba, kisha hurudisha vipande vilivyokatika na kuvifunga mahali pake ili mchoro wa pili usipotee. Ndipo hukata upande wa pili. Tupa humalizia, ikishuka kutoka penye unene kuelekea pembamba, nyuzi za mbao zisichanike. Hapa mwanafunzi hujifunza kwa viganja zaidi kuliko kwa macho.

Walimu wa useremala, nawasihi: mnapofundisha kazi hii, fundisheni na majina yake.