Kahawa ya Saa Kumi na Moja na Nusu

Kuanzia 1859 hadi 1871, katika nyumba iliyoitwa Waltham House, kaskazini mwa London, mzee mmoja mtunza farasi alikuwa na kazi mbili. Ya mchana ilikuwa ya farasi. Ya alfajiri ilikuwa ya binadamu: amwamshe bwana wake na kumpelekea kahawa, ili ifikapo saa kumi na moja na nusu bwana awe amekwisha kaa mezani, kalamu mkononi. Kwa kazi hiyo ya pili mzee aliongezewa pauni 5 kwa mwaka.

Bwana mwenyewe alikuwa Anthony Trollope, ofisa wa Posta ya Uingereza na mtunzi wa riwaya. Katika kitabu cha maisha yake alishuhudia kwamba kwa miaka yote ile mzee hakuchelewesha kahawa hata mara moja, na kwamba kwa mafanikio aliyoyapata, huenda huyo ndiye aliyemdai fadhila kuliko mtu mwingine yeyote. Wasomaji wengi huyachukulia maneno hayo kama mzaha wa mzee aliyeridhika na maisha. Lakini ukiufuata ujana wa Trollope, utaona hakuwa anatania.

Mtu anayelipa mwamshaji ni mtu anayejijua. Trollope aliingia Posta Kuu ya London mwaka 1834, akiwa na miaka 19, kwa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka. Alikaa hapo miaka saba, na kwa maelezo yake mwenyewe ilikuwa miaka ya aibu. Alichelewa kazini, alikopa, wakubwa wake wakamwona hafai. Kitu kimoja tu alikifanya kwa bidii: kuota. Tangu utotoni alizoea kujitungia hadithi kichwani akiwa anatembea, na hadithi moja iliweza kuendelea wiki nyingi, hata miezi, kwa kanuni zake na watu wake walewale. Akili ya kuandika riwaya hakuitilia shaka. Alichokitilia shaka, asema, ni bidii yake na soko la vitabu. Kwa hiyo aliahirisha. Leo ikawa kesho, na kesho ikawa miaka.

Ajabu ni kwamba mfano wa kuigwa ulikuwa nyumbani kwao. Mama yake, Frances Trollope, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1832 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, baada ya mumewe, mwanasheria aliyegeuka mkulima, kushindwa kote kuwili. Madeni yalipowakimbiza hadi Bruges, Ubelgiji, mama huyo aliwauguza mumewe na mwanawe mmoja, wote wakielekea kufa, huku akiandika riwaya za kuwalisha. Chupa za dawa na chupa ya wino zilikaa pamoja. Mazoea yake yalikuwa kufika mezani saa kumi alfajiri na kumaliza kazi kabla nyumba haijaamka. Alipoacha kuandika alikuwa ametoa zaidi ya majuzuu 100. Anthony aliyaona hayo yote kwa macho yake, na bado hakuandika. Mfano mwema, basi, haukutosha kumtoa mtu kitandani.

Mwaka 1841 alihamishiwa Ireland, na huko akawa mtumishi wa kutegemewa, mpenda farasi na uwindaji. Mnamo Septemba 1843, akiwa kijijini Drumsna, alipita kwenye magofu ya nyumba ya kitajiri, na hadithi ikamjia. Alianza riwaya yake ya kwanza, *The Macdermots of Ballycloran*. Alipofunga ndoa na Rose Heseltine, Juni 1844, alikuwa amemaliza juzuu moja tu kati ya matatu. Kitabu kilitoka 1847, wala hakikuuzika. Hata *The Warden*, kilichomjengea jina, kilimjia akizunguka karibu na kanisa kuu la Salisbury, naye akakaa mwaka mzima kabla ya kuandika neno la kwanza. Hapo bado tunamwona Trollope wa London: wazo analo, mkono hauendi.

Kilichombadilisha kilianza kwenye garimoshi. Kazi ya posta ilimtaka asafiri wilaya kwa wilaya kukagua njia za matarishi (ndiye aliyependekeza masanduku ya barua ya barabarani yaliyojaribiwa katika kisiwa cha Jersey mwaka 1852). Alichoka kukaa kwenye behewa akisoma au akisinzia. Akajitengenezea kibao cha kuandikia cha kuweka mapajani, akaandika kwa penseli, na akifika nyumbani Rose akanakili kwa wino. Sehemu kubwa ya *Barchester Towers*, iliyotoka 1857, iliandikwa hivyo. Mwanzoni, akiri, aliona haya kuandika mbele ya abiria wengine. Kisha haya zikaisha.

Kisha likaja daftari. Alipoanza kitabu alikadiria kitachukua siku ngapi, akagawa daftari kwa wiki, na kila siku akaandika idadi ya kurasa alizomaliza. Ili asijidanganye kwa mwandiko mkubwa, alikubaliana na nafsi yake kwamba ukurasa ni maneno 250, na maneno aliyahesabu. Wastani wake ulikuwa kama kurasa 40 kwa wiki. Wiki mbaya zilishuka hadi 20, na kuna wiki moja iliyopanda hadi 112. Faida ya daftari haikuwa hesabu. Faida ilikuwa kwamba siku ya uvivu haikuweza kufichika. Ilibaki pale, tupu, ikimtazama. Yule kijana aliyeota miaka saba bila mtu kujua sasa alikuwa amejiwekea shahidi.

Shahidi wa pili alikuwa saa, iliyowekwa mezani mbele yake: maneno 250 kila robo saa. Na nusu saa ya kwanza hakuandika jambo jipya, alisoma kazi yake ya jana, akiyapima maneno kwa sikio. Nadhani hii ndiyo hila bora kuliko zote, ingawa haisemwi sana. Karatasi tupu ndiyo inayomfukuza mtu mezani. Karatasi ya jana humkaribisha. Baada ya saa tatu alikuwa amemaliza, akavaa, akanywa chai na kwenda kazini.

Shahidi wa tatu alikuwa Barney, Mwairishi, yule mzee mtunza farasi. Daftari unaweza kulifunga na saa unaweza kuigeuza. Binadamu aliyesimama mlangoni gizani, kahawa ikifuka, humwambii arudi kesho. (Na yeye Barney aliamshwa na nani? Kila nidhamu ya bwana ina usingizi wa mtu mwingine ndani yake, na pauni 5 kwa mwaka si bei kubwa.)

Matokeo yalifika mahali pa kuchekesha. Mwaka 1858 Posta ilimtuma Misri kufanya mkataba wa kupitisha mifuko ya barua nchini humo kwa reli. Bahari ilichafuka, naye akawa anaacha karatasi, anakimbilia chumbani kutapika, anarudi kuendelea na *Doctor Thorne*. Aliimaliza huko Misri, na siku iliyofuata akaanza *The Bertrams*. Mwaka 1871, katika safari ya kwenda Australia, aliagiza dawati katika chumba chake melini, akaandika kurasa 66 kila wiki kwa wiki nane, akiikosa siku moja tu kwa ugonjwa. Alishuka na riwaya nzima, *Lady Anna*.

Katika karne hiyohiyo wenzake wa Ulaya walikuwa na njia zao, nyingi za dharura. Victor Hugo alimwahidi mchapishaji wake riwaya kuhusu kanisa la Notre-Dame, akaichelewesha, akapewa tarehe ya mwisho na tishio la faini. Kwa masimulizi ya mkewe, mwaka 1830 alinunua chupa ya wino na vazi zito la sufu lililomfunika shingo hadi miguu, akazifungia nguo zake za kutokea, asiweze kwenda kokote. Riwaya ilimalizika Januari 1831. Fyodor Dostoevsky alibanwa zaidi: mwaka 1865 alitia saini mkataba na mchapishaji Stellovsky kwa rubli 3,000, akikubali kwamba asipotoa riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866, Stellovsky angechapisha kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ilipoingia hakuwa na hata ukurasa. Rafiki zake wakamtafutia mwandishi wa hati mkato, Anna Snitkina, msichana wa miaka 20. Alimsomea imla mchana, Anna akaandika vizuri usiku kwao, na *Mcheza Kamari* ikakamilika kwa siku 26. Stellovsky alijificha siku ya mwisho ili isipokelewe. Mswada ukakabidhiwa kituo cha polisi, ukapewa risiti. Miezi michache baadaye wawili hao walioana, na riwaya zilizofuata Dostoevsky aliendelea kumtamkia Anna.

Mtu atasema visa hivyo vina moto kuliko kahawa ya Waltham House. Kweli vina moto. Lakini kufungia nguo ni dawa ya kitabu kimoja. Kilichodumu kwa Dostoevsky hakikuwa tishio la Stellovsky, kilikuwa mtu aliyeketi mbele yake kila siku na penseli yake, akisubiri sentensi inayofuata. Hapo Mrusi na Mwingereza walikutana bila kujuana.

Trollope alilipa gharama ya kusema ukweli huo hadharani. Kitabu cha maisha yake kilitoka 1883, mwaka uliofuata kifo chake, kwa uangalizi wa mwanawe Henry. Humo alijilinganisha na fundi viatu, akasema nta inayomgandisha fundi kwenye kiti ina faida kwa mwandishi kuliko kungoja msukumo, akaorodhesha mapato yake kitabu kwa kitabu hadi jumla: pauni 68,939, shilingi 17 na peni 5. Wapenda sanaa walichukizwa. Riwaya 47 zilizoandikwa kwa saa mezani, walidhani, haziwezi kuwa na roho. Jina lake likashuka kwa miaka mingi. Hukumu hiyo haikuwa ya haki: riwaya zilezile zilikuwa zimesomwa na kupendwa kabla wasomaji hawajajua zimepikwa vipi.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushtuka kwamba karani anaweza kuwa mtunzi mkubwa. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akahamishwa idara kwa idara, akamalizia ofisi ya upimaji ardhi Tanga, na vitabu vyake zaidi ya 20 vilitungwa pembeni mwa kazi ya serikali. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, una beti zipatazo 3,000. Beti nyingi namna hiyo hazingojei mzuka upande. Naye alikuwa na mtu wa kumwandikia: barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge zinaanzia 1931 hadi 1958.

Uzeeni mkono wa Trollope ulikaza kwa kuandika, akawa anatamka na mpwa wa mkewe, Florence Bland, anaandika. Alikuwa na kanuni moja aliyoijali sana: asiruhusu riwaya ianze kutoka gazetini kwa mafungu kabla hajaimaliza. Aliivunja mwaka 1860 kwa *Framley Parsonage*, ikamfaa. Aliivunja tena mwaka 1882 kwa *The Landleaguers*. Alikuwa bado anaiandika riwaya hiyo alipopatwa na kiharusi Novemba mwaka huo. Alifariki tarehe 6 Desemba, sura za mwisho zikiwa hazijaandikwa.